Shuka Namba Ishirini na Saba

Kadi ya pole aliiandika kwa mkono wake mwenyewe, na aliyekuwa akipewa pole ni yeye.

Ilikuwa Alhamisi asubuhi, siku yake ya kwanza kurudi kazini. Aliikuta kadi juu ya meza yake, kando ya kopo la nyuzi nyekundu, na Redio amesimama pembeni akimsubiri kwa hamu ya mtu aliyekaa na habari siku tatu bila wa kumpa. Redio alikuwa mpiga pasi, mwanamke mnene mwenye moyo mzuri na mdomo usio na breki. Akamweleza kwamba wakati yeye amelala na homa yake, huku kazini nako hakukukalika. Mke wa Fundi ameharibikiwa na mimba, tena ya miezi minne. Fundi alipigiwa simu Jumatatu akiwa juu ya ngazi anakaza bomba la mvuke, akashuka vidato vitatu vitatu, akatoka mbio na spana mkononi.

"Sasa tumenunua kadi," Redio alisema, "na mwenye mwandiko wa kueleweka ni wewe. Mimi nikiandika atadhani ni cheti cha daktari."

Akavuta kiti, akashika kalamu. Redio akawa anamtajia maneno: kwamba ajipe moyo, kwamba bado ni kijana na Mungu atampa mwingine, kwamba kiwanda kizima kiko pamoja naye. Aliyaandika yote kwa herufi za mviringo, bila kukosea hata moja. Mwisho Redio akauliza huyo mke wa Fundi anaitwa nani hasa, maana kila aliyemuuliza hajui. Akajibu kwamba hata yeye hajui. Wakaandika juu ya bahasha: Kwa Mke wa Fundi.

Pale kiwandani walimwita Sindano. Kilikuwa kiwanda cha kufulia mashuka na mataulo ya hoteli na hospitali, na kazi yake ilikuwa kushona namba kwenye pembe ya kila kitambaa kwa uzi mwekundu, ili vikishachanganyika ndani ya mashine kila kimoja kirudi kwa mwenyewe. Hoteli zilikuwa na namba zao, hospitali nazo zao, na hata wafanyakazi walikuwa na zao, kwa sababu Jumamosi waliruhusiwa kuleta nguo za nyumbani. Ya Fundi ilikuwa kumi na nne. Yake ilikuwa ishirini na saba.

Na Fundi alikuwa mume wake, wa ndoa halali, miaka miwili sasa.

Waliificha ndoa hiyo kwa sababu ya Bosi. Bosi alikuwa mjane wa makamo, mwenye kiwanda, mtu wa haki lakini mkali kama magadi, na alikuwa na kanuni moja aliyoibandika ukutani karibu na mlango wa kuingilia: mume na mke hawafanyi kazi chini ya paa moja. Ilisemwa kwamba miaka ya nyuma mume na mke walianza kugombana mbele ya rola ya kupigia pasi, wakasahau mashuka yaliyokuwa ndani mpaka yakaungua, na hoteli nzima usiku ule ikalala kwenye magodoro matupu. Tangu hapo, wakioana, mmoja anaondoka.

Walipooana, Fundi alisema wafiche kwa miezi mitatu tu, mpaka mmoja wao apate kazi kwingine. Miezi mitatu ikazaa mitatu mingine. Mwanzoni ilikuwa raha tupu. Fundi alikuwa akipita mbele ya meza yake na kumsalimia kwa adabu zote, "Habari za leo, dada?" huku macho yanamcheka, naye inambidi ang'ate uzi ili asitabasamu. Jioni wakifika nyumbani walirudia maigizo yote ya siku hiyo mpaka machozi yanawatoka kwa kucheka. Kicheko hicho hakikuisha siku moja. Kilipungua polepole kama kipande cha sabuni, ukija kushtuka umebaki na kigae cha kuteleza mkononi.

Alhamisi hiyo jioni alikuwa jikoni anamenya viazi Fundi alipoingia, akaegemea mlango bila kuvua viatu. Alimjua akiegemea namna ile. Kuna jambo.

"Wanakuja Jumamosi wakitoka kazini," Fundi alisema. "Bosi mwenyewe anakuja."

"Waambie mgonjwa hataki wageni."

"Nimewaambia. Redio amesema mgonjwa asiyetaka wageni ndiye anayewahitaji."

Kisha akamweleza alichokuwa amekipanga tangu mchana. Dada yake mdogo, mwalimu wa chekechea, angekuja Ijumaa pamoja na mama yao. Jumamosi dada yake angelala kitandani, ajifunike, aitikie pole kwa sauti ndogo. Hakuna mtu wa kiwandani anayemjua. Saa moja tu, wageni wanywe chai, waondoke.

Sindano aligeuka kumtazama machoni, kwa sababu zamani mpango wa aina hii ungekuwa mzaha, na angeuona mzaha machoni kabla haujafika mdomoni. Macho hayakucheka.

"Na mimi nitakuwa wapi?"

"Utakuja nao."

"Nyumbani kwangu."

"Usipokuja watakuuliza, mpenzi. Unamjua Redio." Akasogea, akamshika mkono wenye maji ya viazi. "Barua yangu ya kupandishwa cheo inasainiwa Jumatatu. Nikishakuwa msimamizi, wiki hiyohiyo wewe unaacha kazi kwa heshima zako, tunamaliza mchezo huu. Siku nne tu. Nakuapia."

Alitaka kumwambia kwamba tangu Jumatatu hajamuuliza kama bado anaumwa. Lakini akakumbuka pale hospitali, Fundi alivyopiga magoti kando ya kitanda na kulia kichwa chake kikiwa mapajani mwake, na yeye ndiye aliyekuwa akimbembeleza. Hakuwa mtu mbaya. Angekuwa mbaya, mambo yangekuwa rahisi. Akarudi kwenye viazi vyake na kusema sawa, kwa sababu alikuwa amechoka, na kwa sababu miaka miwili alikuwa amesema sawa.

Ijumaa waliisafisha nyumba. Si uchafu waliouondoa, ni yeye. Fundi aliifanya kazi hiyo kama anavyofungua mashine, hatua kwa hatua, kila kitu mahali pake: picha ya harusi chini ya uvungu, magauni ndani ya sanduku, viatu vyake vya kazi nyuma ya pipa la maji, na kadi ya kliniki, iliyokuwa imechomekwa pembeni mwa kioo, akaitia ndani ya Biblia ya mama yake. Mama mkwe alikaa kwenye kochi akitazama. Mama huyu hakuwa ameipenda ndoa ile tangu mwanzo. Alipoletewa habari za mchumba alisema mwanawe ni fundi mwenye cheti, vipi anachukua msichana anayeshinda akipekua uchafu wa watu wasiomjua. Walipooana alikuja, akala, akashukuru, akaondoka. Tangu hapo alimwita "mwenzio" kila alipozungumza na mwanawe. Mwenzio hajambo? Mwenzio yuko kazini?

Wifi yake ndiye aliyemfuata chumbani alipokuwa anatandika kitanda upya.

"Wifi, mimi sipendi jambo hili," alinong'ona. "Nimemwambia kaka. Amesema wewe umekubali."

"Nimekubali."

"Umekubali kutoka moyoni?"

Sindano alivuta shuka, akalinyoosha, akachomeka pembe chini ya godoro. Akamwambia wifi yake alale upande wa ukutani, upande ule godoro halijabonyea.

Jumamosi mchana waliondoka kiwandani kwa gari la kazi, watu saba na kikapu cha matunda. Kikapu alikipakata Sindano. Redio, pembeni yake, alikuwa akijiuliza kwa sauti huyo mke wa Fundi yukoje, maana mwanaume anayemficha mkewe namna ile ama mkewe ni mzuri kupita kiasi au ana sababu nyingine. Watu wakacheka. Bosi, aliyekaa mbele karibu na dereva, akawakumbusha kwamba wanakwenda kutoa pole, si kuchagua mshindi.

Mlango ulifunguliwa na mama mkwe. Aliwapa mkono mmoja mmoja, akiwakaribisha kwa majina waliyojitajia. Alipofika kwa Sindano mkono wake ulisita kidogo.

"Karibu, mgeni," alisema.

"Asante, Mama."

Akaingia nyumbani kwake akiwa wa mwisho. Akasubiri aonyeshwe pa kukaa. Akaonyeshwa kiti cha plastiki karibu na mlango, kile walichokuwa wakikaribishia wapita njia, naye akakaa hapo, mikono juu ya mapaja, na kuutazama ukuta, pale picha ya harusi ilipoondolewa, palipobaki mraba msafi kuliko rangi nyingine. Akaogopa kwamba kila mtu anauona. Hakuna aliyeuona. Fundi alileta chai, akamkabidhi kikombe bila kumtazama, na kwa haraka yake akasahau kwamba hatii sukari. Au hakusahau. Mfanyakazi mwenzako utajuaje kama anatia sukari?

Kisha wakaitwa chumbani. Chumba kilikuwa kidogo, wakabanana. Bosi alipewa stuli. Redio, kwa unene wake, alikaa ukingoni mwa kitanda. Wengine walisimama mlangoni, Fundi na mama yake nyuma yao. Wifi alikuwa amejifunika mpaka kidevuni, macho mekundu, na uwekundu huo haukuwa wa kuigiza.

Walimpa pole. Bosi alizungumza maneno machache mazuri, akasema yeye mwenyewe yalimkuta mara mbili katika ujana wake, jambo ambalo hakuna mfanyakazi aliyewahi kulijua. Alisema maumivu ya mwili yanaondoka upesi, ila kuna siku utakuwa unafanya kazi zako, umesahau, na mkono utakwenda tumboni wenyewe. Sindano alisimama nyuma ya Bosi akaushusha mkono wake. Hakujua ulikuwa umefika hapo tangu lini.

Kadi ikasomwa. Wifi akakohoa, akaitikia asante. Redio, asiyevumilia kimya, akaanza kumsifia mwandishi wa kadi, akisema hata siku mkewe Fundi akijifungua wataandikiwa na huyuhuyu. Na huku anaongea, vidole vyake vilikuwa vikifanya kazi yao. Watu wa kiwanda kile walikuwa na ugonjwa mmoja: hawakuweza kukaa karibu na shuka bila kuchomoa pembe na kuigeuza kutazama namba. Walifanya hivyo wakilazwa hospitali, walifanya hivyo kwa jamaa zao, hawakujua hata kama wanafanya. Redio aligeuza pembe, akaitupia jicho, akaendelea na sentensi yake.

Kisha sentensi ikamfia mdomoni.

Sindano alijua kabla Redio hajainua kichwa. Walikuwa wameficha kila kitu katika nyumba ile, mpaka mswaki. Kwenye shuka hawakutazama. Namba ile aliishona yeye, kabla hawajaoana, na kwa miaka miwili wote wawili waliilalia kila siku mpaka macho yao yakaacha kuiona.

"Mbona hii ni ishirini na saba?" Redio aliuliza.

Akaisogeza pembe karibu na macho.

"Sindano. Hii si yako?"

Watu wanne waligeuka kwa pamoja. Redio aliliachia shuka, akamtazama aliyelala, akamtazama Fundi, akarudisha macho kwa Sindano, na usoni mwake hesabu zikaanza kujipanga moja baada ya nyingine, zote sahihi, na jibu likatoka baya.

"Homa ya siku tatu," alisema polepole. "Wiki hiihii. Kumbe mwenzako amelazwa hospitali, wewe uko huku unamtandikia mume wake kitanda." Sauti yake haikuwa ya umbea. Ilikuwa ya mtu aliyeumia. "Na ukakaa pale ukamwandikia pole. Kwa mkono wako. Sindano, wewe una roho ya namna gani?"

Neno moja lingetosha kumaliza jambo lile, na lilikuwa kwenye ncha ya ulimi wa Sindano. Lakini hakutaka kulisema yeye. Kwa miaka miwili alikuwa akilingojea neno hilo kutoka kwa mtu mwingine, na mtu huyo alikuwa amesimama hatua tatu kutoka kwake, ameshika fremu ya mlango.

Bosi hakugeuka kwa Sindano. Alimgeukia Fundi.

"Hili shuka limefikaje hapa?"

Sindano alimtazama mumewe. Wakatazamana. Haikuwa mara ya kwanza kutazamana namna ile mbele za watu, na siku zote macho yao yaliweza kuzungumza yote. Safari hii macho yake yalisema kitu kimoja tu: sema. Fundi akamtazama mama yake. Akamtazama Bosi, akaitazama na Jumatatu iliyokuwa nyuma ya Bosi. Halafu akatazama chini.

"Niliazima, Bosi," alisema. "Tulikuwa na upungufu wa mashuka, nikamwomba. Hakuna kingine. Huyu ni mfanyakazi mwenzangu tu."

Dereva alikohoa sebuleni. Sindano alishangaa kwamba haumii, kisha akaelewa kwamba ni kama anapojichoma sindano kazini: kwanza unaona tundu, damu inafuata baadaye.

"Sindano," Bosi alisema, "sina haja ya kusikia mengi mbele ya mgonjwa. Toka nje utusubiri kwenye gari. Na Jumatatu usije."

Akaitikia kwa kichwa. Akainama kuchukua pochi yake. Alimpa Fundi nafasi hiyo yote, ya kuinama, ya kushika pochi, ya kunyooka tena, na hata akajifanya kurekebisha mkanda wake begani ili nafasi irefuke. Fundi hakuinua macho.

Ni wifi aliyelitupa shuka. Aliketi kitandani akiwa na gauni lake la kazini na soksi, nywele zimemsimama.

"Mimi si mke wake," alisema. "Mimi ni dada yake, nafundisha chekechea, sijawahi kubeba mimba, na kikohozi hiki ni cha vumbi la chaki. Nafundisha watoto wa miaka minne na hata wao hawawezi kudanganya namna hii." Akamnyooshea Sindano kidole. "Mke wake ni huyo. Kitanda ni chake. Aliyepoteza mtoto ni huyo mnayemfukuza."

Redio alishika mdomo kwa mikono yote miwili.

Yaliyofuata, kwa mtu aliyesimama nje ya dirisha, yangekuwa kichekesho. Kila mtu alizungumza kwa wakati mmoja. Fundi alianza kueleza kuhusu kanuni ya ukutani, na miezi mitatu, na barua, akichanganya yote. Mama mkwe alikuwa akisema alijua, alijua tangu jana kwamba mambo yataharibika, akijigonga kifua. Redio alikuwa analia na kuomba radhi kwa mpigo. Bosi alikaa kwenye stuli yake, akitazama mume, akitazama mke, akitazama mwalimu wa chekechea mwenye soksi. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika, na watu wakaogopa, mpaka walipogundua kwamba anacheka. Hawakuwahi kumwona akicheka. Alicheka mpaka akatoa leso.

Alisema wao ni wajinga wawili. Alisema kanuni ile aliiandika yeye kwa kalamu yake na wangemfuata ofisini angewakaripia nusu saa, yakaisha. Angempeleka mmoja zamu ya asubuhi na mwingine ya mchana. Hakuna anayefukuzwa. Jumatatu Sindano aje kazini, au apumzike mwezi mzima kama anataka, na barua ya Fundi iko palepale. Watu wakashusha pumzi. Mtu mmoja mlangoni akapiga makofi mawili, akaona aibu, akaacha.

Kisha wakamgeukia yeye. Pole zote walizompa wifi wakaanza kumpa yeye upya, mmoja mmoja, wakimshika mkono kwa mikono miwili. Kila mmoja Sindano alimwitikia, "Asante, nimeshapoa," kama inavyotakiwa. Redio alimkumbatia na hakusema neno, na kwa Redio hiyo ilikuwa hotuba. Mama mkwe alikuja wa mwisho. Alikuwa ameshalinyoosha shuka na kupiga mto.

"Lala, mwanangu," alisema. "Umesimama mno. Lala kitandani kwako."

Hilo nalo alilingojea miaka miwili. Lilimfikia limechelewa kwa siku moja. Alimshika mama yule mkono, akambusu kiganjani, na hakulala.

Wageni walirudi sebuleni. Chumbani wakabaki wawili. Fundi alifunga mlango, akauegemea, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyetoka chini ya maji.

"Umesikia?" alisema. "Yameisha. Tulikuwa tunajitesa bure, yameisha yote."

"Nimesikia."

"Nilikuwa nataka kusema, mke wangu. Haki ya Mungu ilibaki kidogo tu. Dada ndiye aliyeniwahi."

"Nilikungojea."

"Ilikuwa dakika moja."

"Ndiyo," alisema. "Nilikuwemo ndani ya dakika hiyo. Ni ndefu."

Fundi akaja karibu, akataka kumshika mabega. Hakumsukuma. Alisogea tu, kama mtu anayempisha mwingine mlangoni, na mikono ya Fundi ikabaki hewani ikitafuta pa kutua.

"Kama angekuwa hajasema," Sindano aliuliza, "ningefika wapi muda huu?"

"Usiniulize hivyo."

"Ningekuwa kwenye gari. Nimeitwa hawara wa mume wangu, na mtoto wangu amepewa mama mwingine. Na wewe ungetoka ukanywa chai na wageni."

"Ningekufuata baadaye, nikakueleza."

"Najua. Ungenieleza vizuri, ningekuelewa. Hilo ndilo linaloniogopesha. Ningekuelewa."

Fundi akasema pole. Alilisema kwa sauti ya chini, akilia, na lilikuwa neno la kweli; alikuwa mtu wa pekee katika nyumba ile ambaye hakuwa amelisema bado. Sindano alifungua kinywa amjibu kama alivyowajibu wengine wote. Wengine aliwaambia ameshapoa. Yeye hakumwambia kitu.

Alivuta sanduku kutoka kona walikolificha. Magauni yalikuwa humo tayari, yamekunjwa vizuri na Fundi mwenyewe. Hakuhitaji kufungasha.

Alipotokeza nalo sebuleni, mazungumzo yalikatika. Wifi akasimama, akakaa tena. Bosi alilitazama sanduku, akamtazama usoni, na ule ucheshi wote ukamtoka. Akaweka kikombe chini, akasema ni wakati wa kuondoka. Akaaga kwa niaba ya wageni. Sindano naye akaaga pamoja nao, akatoka pamoja nao, na dereva akalipokea sanduku bila kuuliza akalisimamisha kati ya viti.

Ndani ya gari Redio alikuwa amemshika mkono, akiuminya kidogo kila walipopita kwenye shimo. Nje watu walikuwa wakifanya mambo ya Jumamosi: mtu anaosha baiskeli, wasichana wawili wanasukana barazani.

Tangu alipoolewa, gari hilo lilikuwa likimshusha kila jioni mbele ya duka la dawa, mitaa miwili kutoka nyumbani, ili asijulikane anakoishi. Alikuwa akisubiri lipotee, ndipo anarudi kwa miguu. Dereva alikuwa na mazoea yake. Walipofika usawa wa duka la dawa alipunguza mwendo, akasimama, akateremka na kuufungua mlango kama siku zote, na mkono wake ukiwa bado kwenye kitasa akagundua alichofanya. Akabaki amesimama hapo, hajui kama afunge.

Sindano alitazama barabara ile. Kona ya kwanza, kona ya pili, geti la kijani. Angeweza kufika akiwa amefumba macho.

"Leo sishuki hapa," alisema.

Dereva akaufunga mlango taratibu, wakaendelea.